Namna ya Kuchagua Mpira wa Gofu Unaolingana na Kiwango Chako: Mwongozo Kamili

Kosa linalorudiwa mara nyingi zaidi katika kuchagua mpira wa gofu ni kuanzia kwenye tii, yaani pale unapopigwa mkwaju wa kwanza wa kila shimo. Mchezaji huchukua mipira ya aina tatu, hupiga draiva, ile fimbo ya kupeleka mpira mbali zaidi, mara chache, hutazama ule ulioenda mbali, kisha hununua dazeni nzima. Wiki chache baadaye hulalamika kwamba mpira hausimami kwenye grini, yaani nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, hununua mwingine, na hatimaye mfuko wake hujaa mipira ya kila namna asiyoijua tabia yake.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: unaanzia karibu na shimo na kurudi nyuma hadi kwenye tii. Sababu iko kwenye kadi ya alama. Katika uwanja wa kawaida wa mashimo 18 wenye paa ya 72, yaani idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji stadi, draiva haitumiki zaidi ya mara 14 hivi, ilhali paa yenyewe imehesabiwa kwa mikwaju 36 ya kusukuma kwenye grini, bila kutaja ile mifupi inayoufikisha mpira hapo. Tena, mipira miwili tofauti ikipigwa vizuri kwa draiva hupishana kwa mita chache tu, lakini ikipigwa kwa weji, fimbo ya mikwaju mifupi, kutoka mita 40, mmoja unaweza kusimama karibu na ulipotua na mwingine ukavuka grini nzima.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla hujavipata vyote, kwa sababu jaribio lililofanywa nusu halikupi jibu la kuaminika.

- Mipira mipya mitatu ya kila modeli unayoifikiria. Modeli tatu zinatosha, mradi angalau moja iwe na ganda la yurethani na nyingine iwe na ganda la ionoma. Tofauti ya maganda haya inaelezwa katika hatua ya pili.
- Weji unayoitumia zaidi kuzunguka grini, aini namba 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati), draiva na fimbo yako ya kusukumia.
- Kitambaa chenye maji na taulo mbili kavu.
- Kalamu ya wino usiofutika, daftari na utepe wa kupimia.
- Kadi za alama za raundi zako tatu za mwisho.
- Mwenzako mmoja wa kukuwekea mipira, awe kedi (mbeba mfuko wa fimbo) au rafiki.
- Saa mbili kwenye grini ya mazoezi, na jioni mbili uwanjani wakati hakuna wachezaji wanaokusubiri nyuma.

Onyo: Mipira uliyookota au iliyotolewa majini isiingie katika jaribio hili. Huwezi kujua ilikaa humo siku ngapi, na mpira uliokaa majini kwa muda mrefu unaweza kupoteza kasi huku kwa nje ukiwa unang'aa kama mpya. Mwenyewe niliwahi kucheza msimu mzima kwa mipira ya namna hiyo, nikiilaumu mikono yangu kwa kila mkwaju uliopungua umbali, na nilipohamia modeli moja mpya ndipo nilipotambua kwamba nusu ya kosa haikuwa yangu.

## Hatua ya 1: Hesabu mipira unayopoteza na mikwaju yako mifupi

Chukua kadi zako tatu na uandike mambo matatu kwa kila raundi: umepoteza mipira mingapi, umepiga mikwaju mingapi kutoka ndani ya mita 100 bila kuhesabu ya kusukuma, na mipira yako ilipokosea ilielekea wapi zaidi. Kama kadi hazina habari hizo, cheza raundi tatu nyingine ukiziandika. Usikisie, kwa maana wengi tunakumbuka mkwaju mmoja mzuri na kusahau kumi ya kawaida.

Idadi ya mipira inayopotea inastahili uzito mkubwa kuliko inavyopewa. Mchezaji anayepoteza mipira mitano kwa raundi hana nafasi ya kuizoea modeli yoyote ya bei kubwa, kwani hofu ya kuipoteza humfanya abane mikono kila anapoona maji, na mikono iliyobana hupeleka mpira kule kule kwenye maji.

Utajua umefaulu utakapokuwa na wastani wa namba mbili za kwanza, pamoja na mwelekeo wa makosa yako, kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

## Hatua ya 2: Soma muundo wa mpira ulioandikwa kwenye kisanduku

Kanuni za gofu zinataka mpira usiwe na kipenyo kilicho chini ya milimita 42.67 wala uzito unaozidi gramu 45.93, na zinataka pia uundwe kwa ulinganifu pande zote. Kwa hiyo mipira halali haitofautiani sana kwa ukubwa wala kwa uzito. Tofauti kubwa iko katika mambo mawili: idadi ya tabaka zilizomo ndani, na kitu kilichotengenezea ganda la nje.

Mpira wa vipande viwili una kiini kikubwa cha mpira wa sanisi kilichofunikwa kwa ganda moja, ambalo mara nyingi ni la ionoma, yaani plastiki ngumu inayostahimili mikwaruzo. Mpira huu huenda mbali, hudumu, na hauzunguki sana unapopigwa kwa weji. Mpira wa vipande vitatu una tabaka moja zaidi kati ya kiini na ganda, na ipo pia yenye tabaka nne au tano. Modeli za juu hufunikwa kwa ganda jembamba la yurethani, ambayo ni laini kuliko ionoma.

Ni vyema kuelewa kwa nini ganda la yurethani huufanya mpira usimame, maana bila kuelewa hivyo utalipia kitu usichokitumia. Weji inapougusa mpira, ganda laini hubanwa kati ya mifereji ya uso wa fimbo kwa upande mmoja na tabaka gumu lililo chini yake kwa upande mwingine. Kwa kuwa limebanwa pande zote mbili, hung'ang'ania uso wa fimbo kwa muda ule mfupi sana wa mgusano, na fimbo ikausokota mpira kuelekea nyuma kwa nguvu. Ganda la ionoma, kwa ugumu wake, huteleza juu ya uso ule ule wa fimbo.

Hapa ndipo neno "laini" linapowapotosha wanunuzi wengi. Kuna ulaini wa mpira mzima, ambao watengenezaji huupima kwa kipimo cha mbonyeo, na kuna ulaini wa ganda. Hayo ni mambo mawili. Mpira unaweza kuwa na kiini kinachobonyea kwa urahisi, ukasikika laini mkononi na masikioni, huku ganda lake likiwa la ionoma lisiloshika weji. Mwingine unaweza kuwa na kiini kigumu na ganda laini la yurethani, na huo ndio utakaosimama. Anayenunua mpira kwa sababu kisanduku kimesema ni laini, akitarajia usimame kwenye grini, anatarajia kitu ambacho kisanduku hakikuahidi. Tafuta jina la kitu kilichotengenezea ganda. Kama kisanduku hakikitaji, maelezo ya mtengenezaji kwenye intaneti kwa kawaida hukitaja.

Namba kubwa iliyochapwa kwenye mpira, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 4, haihusiani na ubora, ugumu wala kiwango cha mchezaji. Kazi yake ni kukusaidia kuutofautisha mpira wako na wa mwenzako mnapotumia modeli moja.

Onyo: Ukikusudia kushiriki mashindano, hakikisha modeli yako imo katika orodha ya mipira iliyoidhinishwa inayotolewa na R&A na USGA, mashirika yanayosimamia kanuni za gofu. Mashindano mengi huweka sharti hilo, na kupiga mpira usioruhusiwa adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni. Kumbuka hasa kwamba mipira inayouzwa kwa ahadi ya kujinyoosha yenyewe hewani inaweza kuvunja lile sharti la ulinganifu.

## Hatua ya 3: Jiweke katika kundi lako kwa ukweli

Tumia namba ulizoandika katika hatua ya kwanza. Handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, ni mwanzo mzuri lakini haitoshi, kwa kuwa wachezaji wawili wenye handikapu moja wanaweza kuifikia kwa njia tofauti kabisa, mmoja kwa draiva ndefu na mwingine kwa weji hodari.

Anayeanza, ambaye bado anazidi mikwaju 100 katika mashimo 18 au anapoteza mipira minne na zaidi kwa raundi, anafaa kutumia mpira wa vipande viwili wenye ganda la ionoma. Sababu si bei peke yake. Mzunguko uleule unaousimamisha mpira kwenye grini ndio unaoupindisha pembeni pale uso wa fimbo unapoelekea kusiko. Mpira unaozunguka kidogo hupinda kidogo. Hautarekebisha kosa la mkono, na yeyote anayekuahidi hivyo anakudanganya, lakini unaweza kuufanya mpira uliokusudiwa kwenda msituni ubaki kwenye nyasi ndefu za ukingoni.

Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana: ganda la yurethani hutoa faida yake pale tu weji inapougusa mpira kwa usafi, kabla ya kugusa ardhi. Nyasi au unyevu vikiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, sehemu kubwa ya mzunguko ule hupotea. Anayeanza, ambaye mara nyingi huigonga ardhi kwanza au kuupiga mpira nusu ya juu, hulipa gharama ya yurethani bila kuonja matunda yake.

Mchezaji wa kati, anayecheza kati ya mikwaju 85 na 100, ndiye mwenye uamuzi mgumu, na kwa kweli mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake zaidi. Kama anapoteza mipira miwili au pungufu kwa raundi na mikwaju yake mifupi huruka na kutua kwenye grini, basi aingize modeli mbili za yurethani katika jaribio. Kama mikwaju yake mifupi hubingirika chini kwa chini tangu ukingoni, ionoma itamtosha kwa sasa. Kuna pia mipira ya vipande vitatu yenye ganda la yurethani inayouzwa kwa bei nafuu kuliko modeli zinazotumiwa na wachezaji wa kulipwa, na humo mara nyingi ndimo mchezaji wa kati anapopata kinachomfaa.

Mchezaji hodari, aliye chini ya mikwaju 85, atumie yurethani. Kwake swali ni yurethani ipi: inayoruka juu au inayoruka chini, inayozunguka zaidi au inayozunguka kidogo kwenye aini. Hatua ya tano ndiyo itakayomjibu.

## Hatua ya 4: Jaribu kuzunguka grini, bila kujua unapiga upi

Hii ndiyo hatua inayoamua, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko nyingine zote.

Mpe mwenzako mipira yote. Aiweke mmoja mmoja mbele yako huku jina likiwa limeelekea chini, kwa mfuatano anaoujua yeye, na aandike matokeo yeye mwenyewe. Wewe usijue unapiga modeli gani. Jambo hili linaonekana kuwa la kupita kiasi mpaka ulifanye. Nimewaona wachezaji waliokuwa wakiutetea mpira fulani kwa miaka mingi wakishindwa kuutambua walipofichwa jina, na wengine wakichagua mara tatu mfululizo mpira waliokuwa wameudharau.

Anza na mkwaju wa mita 40 kutoka kwenye nyasi fupi. Tandaza taulo moja kwenye grini ili iwe mahali pa kutua. Piga mara kumi kwa kila modeli, ukifuta uso wa weji kwa kitambaa chenye maji na kuukausha kila baada ya mikwaju miwili, kwa sababu mifereji iliyojaa udongo huipunguzia mipira yote mzunguko na kuficha tofauti unayoitafuta. Mwenzako apime umbali kati ya mahali mpira ulipotua na mahali uliposimama. Umbali kutoka kwenye shimo hauna maana hapa, kwani unapima ulengaji wako pamoja na mpira.

Mkwaju uliokosea waziwazi, kama vile kuigonga ardhi kwanza, uondoe kwenye hesabu na uupige upya. Sema kwamba umekosea mara tu baada ya kupiga, kabla mpira haujatua. Ukisubiri kuona ulipoishia ndipo useme, utajikuta unaondoa matokeo usiyoyapenda.

Kisha sogea hadi mita 15 na upige mkwaju mfupi wa chini unaotua karibu na kubingirika, mara kumi tena kwa kila modeli. Usishangae tofauti ikiwa ndogo hapa. Fimbo inakwenda polepole, na hata yurethani haipati nguvu ya kutosha kuonyesha umahiri wake wote.

Malizia kwa kusukuma kwenye grini kutoka mita 6. Katika hatua hii sikiliza zaidi ya kupima. Sauti ya mpira unapoguswa ndiyo inayoongoza mikono ya wengi katika kukadiria nguvu: mpira wa mbonyeo mdogo hutoa sauti ya chini, mgumu hutoa mlio mkali. Hakuna ulio bora kwa wote. Mwambie mwenzako ni upi mikono yako inauelewa, kabla hajafichua majina.

Utajua umefaulu ukiwa na wastani wa kila modeli kwa kila mkwaju, na ukiona kwamba modeli moja angalau inatoa matokeo yanayokaribiana. Mpira unaobingirika mita 4 kila mara ni bora kwako kuliko ule unaosimama baada ya mita 1 leo na mita 6 kesho, kwa sababu huo wa kwanza unaweza kuupangia.

Iwapo tofauti haionekani kati ya yurethani na ionoma katika mkwaju wa mita 40, kwanza kagua weji yako. Mifereji iliyolika hufanya mipira yote ifanane. Kama mifereji iko sawa, basi mpigo wako bado haujafikia kulitumia ganda la yurethani, na hilo ni jibu kamili: baki na ionoma, na urudie jaribio baada ya miezi sita ya mazoezi ya weji.

## Hatua ya 5: Aini namba 7, na namna mpira unavyoshuka

Piga mikwaju minane kwa kila modeli kuelekea kwenye grini halisi, jioni isiyo na upepo. Hapa angalia mambo mawili, yaani urefu wa juu ambao mpira unafikia na namna unavyoshuka.

Mpira unaweza kusimama kwa njia mbili: kwa kuzunguka sana, au kwa kushuka kutoka juu kwa pembe kali. Mchezaji mwenye kasi kubwa ya fimbo hupata zote mbili. Mwenye kasi ndogo hawezi kuzalisha mzunguko mwingi hata akinunua mpira wa bei gani, kwa hiyo modeli inayopaa juu humsaidia kuliko ile inayosifiwa kwa mzunguko. Kinyume chake, anayecheza mara nyingi kwenye uwanja wenye upepo mkali atafaidika na modeli inayoruka chini, kwa kuwa upepo wa mbele huupandisha na kuurudisha nyuma mpira unaozunguka kupita kiasi.

Kama una nafasi ya kutumia kifaa cha kupima mruko na mzunguko wa mpira, kitumie katika hatua hii na inayofuata. Bila kifaa, macho ya mwenzako aliyesimama pembeni ya grini yanatosha kabisa.

Onyo: Usitumie mipira ya uwanja wa mazoezi kulinganisha chochote. Mingi imetengenezwa ili idumu, mingine ina kipande kimoja tu au imepunguzwa umbali kwa makusudi, na umbali unaouona hapo hautaurudia uwanjani.

## Hatua ya 6: Draiva iwe ya mwisho

Kufikia hapa unapaswa kuwa umebaki na modeli mbili. Draiva haina kazi ya kuchagua mshindi. Kazi yake ni kukataa ule usiofaa. Piga kila modeli mara nane, uondoe mkwaju bora na mkwaju mbaya kuliko yote, na ulinganishe iliyosalia. Kama tofauti ya wastani ni mita nne au tano, ipuuze na ufuate matokeo ya hatua ya nne.

Tofauti ikiwa kubwa, chunguza umbo la mkwaju. Mpira unaopanda kama unaopanda ngazi kisha ukaanguka wima bila kusonga mbele unazunguka kupita kiasi. Ule unaoruka chini na kuanguka mapema kama umekata tamaa unazunguka kidogo mno, na hili huwapata zaidi wenye kasi ndogo wanaonunua mipira ya mzunguko mdogo wakidhani itawapa umbali. Kwa draiva, wakufunzi wengi hulenga mizunguko kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika, na wenye kasi ndogo huhitaji kukaribia ile ya juu ili mpira ubaki hewani.

Sasa nizungumzie mbonyeo, kwa sababu ndio unaoulizwa kuliko yote. Imani iliyoenea ni kwamba mwenye kasi ndogo ya fimbo hawezi kuubonyeza mpira mgumu, na kwa hiyo lazima anunue wenye namba ndogo ya mbonyeo. Ukweli ni kwamba kila mchezaji huubonyeza mpira anapoupiga kwa draiva. Kinachotofautiana ni kiasi. Mipira ya mbonyeo mdogo sana kwa kawaida hutoka kwenye uso wa draiva kwa kasi ndogo kidogo kuliko migumu, ingawa upungufu huo ni mdogo kwa mwenye kasi ndogo kuliko kwa mwenye kasi kubwa. Mbonyeo, basi, uuchague kwa ajili ya hisia na sauti, mambo ambayo yana thamani ya kweli, lakini usiuchague kwa kutarajia umbali. Tena usilinganishe namba za mbonyeo za watengenezaji wawili, kwa kuwa hawapimi kwa njia moja.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mpira wa baridi huruka umbali mfupi kuliko wa joto, kwa hiyo jaribio la asubuhi yenye baridi lisilinganishwe na la mchana wa jua. Kuupasha mpira moto kwa makusudi wakati wa raundi ni kinyume cha kanuni.

## Hatua ya 7: Raundi mbili za kweli

Mazoezi hayana bunka za mchanga, hayana maji, na hayana mtu anayekutazama. Chukua modeli mbili zilizobaki na ucheze raundi mbili za kirafiki. Katika raundi ya kwanza tumia modeli ya kwanza kwenye mashimo yenye namba witiri na ya pili kwenye mashimo yenye namba shufwa. Katika raundi ya pili uyabadilishe, ili ugumu wa mashimo usiipendelee modeli yoyote. Kanuni zinaruhusu kuanza shimo jipya kwa mpira mwingine, isipokuwa pale ambapo mashindano yameweka sharti la kutumia modeli moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Andika jambo moja tu kwa kila shimo: je, mkwaju ulioufikisha mpira kwenye grini ulisimama mahali ulipotarajia, ndiyo au hapana? Usiandike jumla ya mikwaju, kwani mashimo 18 kwa kila modeli ni machache mno kukuambia chochote kupitia alama.

Utajua umefaulu pale modeli moja itakapokuwa na "ndiyo" nyingi waziwazi. Zikilingana, nunua ya bei nafuu bila kusita, kisha tumia akiba hiyo kwa mafunzo ya weji.

## Hatua ya 8: Ukishauchagua, utunze na ukae nao

Nunua dazeni mbili za modeli hiyo moja na uondoe mipira mingine yote kwenye mfuko. Huu ndio uamuzi unaowashinda wengi: wanafanya jaribio zuri, kisha shimo la tatu wanafika kwenye maji na kutoa mpira wa zamani usiojulikana "ili usipotee ule mzuri". Mkwaju unaofuata unapigwa kwa mpira wenye tabia nyingine, na kila ulichojifunza kuhusu umbali wako kinavurugika. Kama huwezi kupiga mpira wako juu ya maji kwa utulivu, modeli hiyo ni ghali kuliko kiwango chako cha sasa. Shuka daraja moja.

Weka alama yako kwa kalamu kwenye kila mpira kabla ya kuanza raundi. Muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu tu, na ukishindwa kuutambua kuwa ni wako unahesabiwa kuwa umepotea hata kama uko mbele ya macho yako.

Kagua ganda baada ya kila mkwaju wa bunka na kila weji kamili, kwa sababu yurethani huchubuka kirahisi kwa mifereji mikali. Vishimo vidogo vilivyo juu ya mpira ndivyo vinavyopunguza ukinzani wa hewa na kuufanya uruke mbali, kwa hiyo sehemu iliyochubuka kiasi cha kuvifuta huathiri mruko. Mpira wa namna hiyo upeleke kwenye mazoezi ya kusukuma. Zingatia lakini kwamba katikati ya shimo huruhusiwi kuubadilisha kwa mchubuko au rangi iliyobanduka. Kanuni zinaruhusu pale tu ulipopasuka au kukatika. Subiri hadi shimo linalofuata.

Hifadhi mipira ndani ya nyumba, mahali pakavu. Buti ya gari lililoegeshwa juani ina joto kali ambalo si zuri kwa mpira likidumu.

Rudia hatua ya nne mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi iwapo umebadilisha weji, umehamia kundi jingine kati ya yale ya hatua ya tatu, au mtengenezaji ameibadilisha modeli yako. Hili la mwisho huwapita wengi, kwa kuwa jina kwenye kisanduku hubaki lile lile huku muundo wa ndani ukibadilishwa. Kabla ya kununua dazeni mpya, linganisha maelezo ya tabaka na ganda na yale uliyoyaandika kwenye daftari lako.